Kimezimwa au Kimezimika? Lugha ya Mwongozo katika Maabara ya Mbali

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja ambalo, kwa kadiri tuonavyo, halijapewa uzito unaostahili katika mijadala yetu ya istilahi: ni vipi maabara ambayo mwanafunzi hawezi kuigusa yaweza kuelezwa kwa maandishi ya Kiswahili hata akaitumia bila ya kupotoka. Maabara tunayoizungumzia ni ya somo liitwalo intaneti ya vitu, yaani elimu ya kuviunganisha vifaa vidogo vidogo, kama vile vihisi vya joto, vya mwanga na vya mwendo, katika mtandao ili vipashane habari pasi na mtu kusimama kati. Jina la somo hili lahusishwa na Kevin Ashton, aliyelitumia 1999, na tangu hapo limeenea katika idara za uhandisi za vyuo vikuu vingi duniani.

Msomaji aweza kuuliza kwa haki: wanaisimu wana kazi gani na vihisi? Jibu letu ni kwamba maabara ya mbali, kwa mwanafunzi aliye mbali nayo, ni maandishi matupu. Katika maabara ya kawaida mwongozo ni msaidizi tu. Mwanafunzi akikosea, fundi yupo. Asiposikia harufu ya waya unaoungua, mwenzake aliye meza ya pili ataisikia, naye ataichomoa plagi kabla ya aya kusomwa hadi mwisho. Katika maabara ya mbali hakuna harufu, hakuna meza ya pili, na mara nyingi hakuna hata picha. Yote ayajuayo mwanafunzi kuhusu kifaa ayajua kwa kuwa ameandikiwa. Neno likilegea, hakuna jicho la kulisahihisha.

Kwanza tueleze sababu ya kulichagua jina lenyewe. Kwa kuwa tumekwisha kuzoea kusema elimu ya masafa, ingekuwa rahisi kusema maabara ya masafa. Lakini neno masafa lina kazi nyingine katika elimu ya redio, nasi husikia kila siku juu ya masafa mafupi na masafa ya FM. Vifaa vya maabara hii huzungumza kwa redio, na masafa ya redio hiyo ni miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi hufundishwa kuyapanga. Mwongozo uliojaa masafa ya aina mbili ungemchanganya tangu ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo tumesema maabara ya mbali, ingawa twajua kwamba mbali ni neno la kulinganisha, na kwamba maabara haiko mbali na fundi aliyeketi ndani yake.

Maabara yenyewe

Wazo la maabara ya namna hii si geni. Mnamo 1998 Jesús del Alamo wa Chuo cha MIT, Marekani, aliwawezesha wanafunzi wake kupima tabia za transista kwa kupitia kompyuta zao, pasipo kuingia chumba cha vipimo. Katika miaka iliyofuata mradi huo ulipanuka hadi Afrika, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo kule Ile-Ife vilishirikiana nao. Afrika Mashariki, basi, haikuingia katika jambo hili jana.

Kwa mintarafu ya intaneti ya vitu, mfano tutakaoutegemea ni maabara ya Ufaransa iliyoitwa FIT IoT-LAB. Iliitangulia maabara iliyoitwa SensLAB, yenye vifaa 1024 vilivyogawanywa sawa baina ya miji minne, 256 kila mmoja. FIT IoT-LAB ilipotolewa taarifa na waundaji wake 2015 ilihesabiwa kuwa na vifaa 2728 na roboti 117 zinazotembea. Haikuwa ya watafiti peke yao, kwani walimu nao waliitumia kufundishia, na mwanafunzi aliyekuwa na akaunti aliweza kuingia akiwa mji wowote.

Yafaa tueleze mpangilio wake, kwa sababu masuala yote ya lugha yatakayofuata yanatoka humo. Kila kituo kidogo kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kifaa huru, ambacho mwanafunzi aliruhusiwa kukitia programu yake. Kile kilichoitwa M3 kilikuwa na kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 64 tu, redio ya gigahezi 2.4, na vihisi vya mwanga, kanieneo ya hewa, mwendo na mzunguko. Ya pili ni lango, kompyuta ndogo inayokiunganisha kifaa na mtandao na kuyapitisha maandishi yanayotoka kwake. Ya tatu ni msimamizi, ambaye hukiwasha kifaa na kukizima, na kupima umeme kinaotumia. Mwanafunzi huomba vifaa kadhaa kwa muda wa dakika kadhaa, hupeleka programu yake, husoma majibu, na muda ukiisha vifaa hurudishwa kwa wengine.

Hapo ndipo penye fundo. Mwanafunzi hawashi chochote kwa mkono wake. Yeye huomba, mfumo hupanga, msimamizi huwasha, kifaa huwaka. Watendaji ni wanne na tendo ni moja, na mwongozo sharti useme ni nani amefanya nini.

Kuwaka, kuwashwa, kuzimika

Mjadala wa Kiswahili na sayansi umekuwa, kwa miaka mingi, mjadala wa nomino. Tumebishana juu ya tarakilishi na kompyuta kana kwamba tukilipata jina kazi imekwisha. Hatusemi kwamba majina hayana maana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, usingewezekana bila ya watu waliokaa na kuchagua maneno moja baada ya jingine. Ila tunasema kwamba katika mwongozo wa maabara nomino ndiyo sehemu nyepesi. Mwanafunzi asiyelijua neno kihisi atalijua baada ya dakika tano. Anachopotezwa nacho ni kitenzi.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi anasoma majibu ya kifaa chake, na ghafla majibu yanakoma. Mfumo unamwandikia neno moja. Kwa Kiingereza neno hilo lingetosha kuwa lile linaloeleza kwamba kifaa hakina umeme, pasi na kusema kilifikaje katika hali hiyo. Mfasiri wa haraka ataandika: Kifaa kimezimwa. Lakini je, kimezimwa? Huenda muda wa mwanafunzi umekwisha na msimamizi amekizima kama ilivyo desturi. Hapo kauli ya kutendwa ni sahihi, maana mtendaji yupo na anajulikana. Huenda mwanafunzi mwenyewe ameagiza kizimwe. Au huenda umeme umekatika katika jengo zima, hapana aliyekizima, nacho kimezimika. Mwanafunzi wa kwanza anapaswa kuomba muda mwingine. Wa pili anapaswa kuipitia amri aliyoitoa. Wa tatu hana la kufanya ila kungoja na kumwarifu fundi. Njia tatu, na kinachozitenganisha ni mnyambuliko wa kitenzi.

Kauli ya kutendwa humlazimu msemaji kuwa tayari kujibu swali la pili: kimezimwa na nani? Kauli ya kutendeka haikubali swali hilo. Hakuna asemaye kwamba kifaa kimezimika na msimamizi. Ndivyo ilivyo pia kwa mawasiliano yaliyokatwa na yaliyokatika, kwa data zilizofutwa na zilizofutika. Tofauti hii mtoto wa miaka mitano huijua: akisema kikombe kimevunjika na si kwamba kimevunjwa, anajua vyema anachokikwepa. Mfasiri aliyekaa mbele ya orodha ya maneno ya Kiingereza ndiye anayeisahau.

FIT IoT-LAB yenyewe ilikuwa na majina kadhaa ya hali ya jaribio, na miongoni mwake yalikuwapo mawili yaliyotenganishwa kwa makusudi: jaribio lililofika mwisho wa muda wake, na jaribio lililokatizwa kabla ya muda. Kwetu haihitajiki istilahi mpya. La kwanza limekwisha, la pili limesimamishwa. Linalongoja zamu linasubiri, linalotayarishwa linaanzishwa, na lililopatwa na kasoro limeharibika. Hili la mwisho wengine wangependa kuliita limeharibiwa, nasi tunalipinga, kwani ni kumshtaki mtu kabla ya uchunguzi.

Hatuna budi kukiri tatizo. Kauli ya kutendeka ina maana mbili katika lugha yetu, ya hali na ya uwezekano. Tusemapo kifaa kinazimika, twaweza kumaanisha kwamba kina tabia ya kuzimika chenyewe, au kwamba inawezekana kukizima. Penye -me- maana ya hali hutawala. Penye -na- na hu- maana zote mbili husimama mlangoni. Ushauri wetu kwa mwandishi wa mwongozo ni kwamba maana ya uwezekano aiandike kwa kirefu, chaweza kuzimwa, na kauli ya kutendeka aiachie kazi ya kueleza hali. Sentensi itarefuka kidogo. Na irefuke. Kuwashwa nako kuna dhihaka yake, maana mwenye upele huwashwa pia, lakini hatujaona bado kifaa kilichojikuna.

Haijafika na haikufika

Jambo la pili latuvutia zaidi, kwa kuwa hapa Kiswahili kinatangulia mbele ya lugha ambayo miongozo hii huandikwa kwayo kwanza. Vifaa vya maabara hutumiana jumbe fupi kwa redio, na redio si ya kuaminiwa: ujumbe huweza kuchelewa, na huweza kupotea njiani. Mwanafunzi anayehesabu jumbe lazima aandike katika jedwali lake zilizopokelewa na zisizopokelewa. Sasa, zisizopokelewa ni zipi? Kiswahili hakiruhusu swali hilo lipite kimya. Ujumbe ambao bado unatazamiwa haujafika. Ujumbe ambao hautazamiwi tena haukufika. Kiambishi -ja- kinabeba ndani yake matarajio ya msemaji, na -ku- kinayafunga.

Katika jedwali la vipimo hilo si pambo la lugha. Mwanafunzi akiandika haukufika baada ya sekunde mbili, na ujumbe ukaingia katika sekunde ya tatu, jedwali lake limesema uongo. Kwa hiyo mwongozo ulioandikwa kwa Kiswahili hulazimika kuweka mpaka: ujumbe uliotumwa uhesabiwe kuwa haujafika hadi zipite sekunde kadha, na baada ya hapo uhesabiwe kuwa haukufika. Mpaka huo unahitajika katika lugha yoyote, ila mwandishi wa Kiingereza aweza kuusahau na sentensi zake zikabaki nzima kisarufi. Mwandishi wa Kiswahili akiusahau hajui akitumie kitenzi gani.

Mfano wa kufaa zaidi ni itifaki iitwayo MQTT, iliyobuniwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kuyachunga mabomba ya mafuta kwa njia ya setilaiti, na ambayo hufundishwa karibu katika kila somo la intaneti ya vitu. Katika itifaki hii vifaa havisemezani moja kwa moja. Kimoja hutoa habari chini ya mada fulani, habari huenda kwa mtu wa kati, na yeye huzigawa kwa waliojiandikisha kuipata mada ile. Huyu wa kati tumwiteje? Wapo watakaopendekeza dalali. Dalali ana mali mkononi na sauti ya mnada, naye hutazamia fungu lake. Huyu wetu hatozi kitu wala hapandishi bei. Tarishi naye hupeleka barua aliyopewa kwa mtu mmoja aliyetajwa, hali huyu huzigawa nakala kwa watu asiowajua aliyezitoa. Tumechagua wakala, na tumempa upatanisho wa viumbe: wakala amepokea, wakala amegawa. Anayetaka kuandika wakala imepokea aandike, mradi asibadilishe katikati ya ukurasa.

MQTT ina daraja tatu za uhakika. Daraja la 0 huupeleka ujumbe si zaidi ya mara moja, wala hakuna anayejibu. Daraja la 1 huupeleka angalau mara moja, na mpokeaji hukiri. Kukiri kukipotea, ujumbe hurudiwa, hivyo waweza kufika mara mbili. Daraja la 2 huufikisha mara moja tu, kwa gharama ya jumbe nne za kwenda na kurudi. Zingatia vitenzi. Katika daraja la 0 mwongozo hauna haki ya kusema ila ujumbe umetumwa. Kutuma ni tendo la anayetuma peke yake. Kufikisha hudai ushahidi wa upande wa pili. Na hata katika daraja la 2 ushahidi ni baina ya kifaa na wakala; kwamba wakala amepokea si hoja kwamba aliyejiandikisha amepokea. Mwongozo unaosema ujumbe umefika, bila ya kutaja umefika kwa nani, umeficha nusu ya somo.

Mahali na saa

Juu ya mahali tutasema kwa ufupi, kwa sababu viambishi vya po, ko na mo vimechambuliwa mara nyingi. Wengi wetu wa bara tumezoea kutumia iko kwa kila hali, nayo mazungumzo yakaendelea. Katika mwongozo wa maabara ya mbali mazoea hayo yana gharama. Programu ya mwanafunzi, kabla ya kutumwa, iko katika kompyuta yake. Ikiisha kutumwa imo ndani ya kifaa. Na kifaa chenyewe kiko Grenoble, katika korido ya jengo. Anayeandika kwamba programu iko, bila zaidi, hajasema kama hatua ya kutuma imekwisha kupita. Neno hapa nalo lahitaji hadhari kubwa. Bonyeza hapa ni kwenye kioo cha mwanafunzi. Joto la hapa ni la chumba ambacho hajakiona wala hatakiona. Tunapendekeza hapa isitumike kabisa ila kwa kioo, na kila mahali pengine patajwe kwa jina, pamoja na namba ya kifaa. Namba hiyo ina faida nyingine: vifaa viwili vya aina moja vilivyofungwa mahali tofauti katika korido havisikilizani sawa na vingine, na ripoti isiyotaja namba haiwezi kurudiwa na mtu mwingine.

Saa ndiyo iliyo ngumu kuliko yote. Mwalimu wa Nairobi anaandika katika mwongozo: Panga jaribio la mwanga lianze saa mbili. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea tarakimu za simu yake anaandika katika mfumo 2:00. Vifaa vinaamka usiku wa manane, katika korido yenye giza, na kihisi cha mwanga kinatoa namba zinazokaribia sifuri kwa dakika 20. Anahitimisha kwamba kihisi kimeharibika, na ripoti yake ina majedwali safi ya kuthibitisha hivyo.

Tuseme sasa mwanafunzi ni mwangalifu, anajua kwamba saa mbili ya asubuhi ni 8:00. Bado hajafika. Afrika Mashariki iko mbele ya saa ya ulimwengu kwa saa tatu mwaka mzima, hali Ufaransa iko mbele kwa saa moja wakati wa baridi na mbili wakati wa joto. Saa mbili asubuhi ya Nairobi ni 6:00 ya Grenoble mwezi wa Januari, kungali giza kabisa. Mwezi wa Julai ni 7:00, na jua limekwisha kutoka. Jaribio lile lile, kwa mwongozo ule ule, litampa mwanafunzi wa muhula mmoja giza na wa muhula mwingine mwanga. Kuiacha saa ya Kiswahili katika mwongozo si lazima, kwani ndiyo saa ya msomaji. Lakini isisimame peke yake: iandikwe kwa maneno, kisha iandikwe kwa tarakimu kwa saa ya ulimwengu ambayo haibadiliki kwa majira, na mwanafunzi aambiwe ni ipi kati ya hizo mfumo unaitaka.

Tena kuna saa iliyomo ndani ya majibu yenyewe. Katika FIT IoT-LAB chombo kilichoyakusanya maandishi ya vifaa vingi kiliutilia kila mstari saa. Saa hiyo haikuwa ya tukio. Ilikuwa ya mstari kupokelewa na chombo kile, baada ya kupita langoni na mtandaoni. Mwongozo ukiiita saa ya kipimo, mwanafunzi atatoa saa moja katika nyingine na kudhani amepata kasi ya redio, kumbe amepima na mtandao wa jengo. Iitwe saa ya kupokelewa.

Tumeulizwa na mwenzetu mmoja kama kazi hii yote haina mnunuzi, maadam sayansi katika vyuo vikuu vyetu hufundishwa kwa Kiingereza. Ni kweli mtihani wataufanya kwa Kiingereza. Lakini usiku, jaribio likikwama, wao kwa wao huulizana kwa Kiswahili, na fundi huulizwa kwa Kiswahili, na mara nyingi kosa hugunduliwa katika maongezi hayo, kwa kuwa mmoja amesema kimezimwa na mwingine akamwuliza na nani. Tungependa swali hilo liwemo katika karatasi.

Kwa hiyo mstari wa ripoti kama huu, Kifaa kilizimwa saa mbili na data hazikupatikana, twapendekeza uandikwe hivi: Kifaa M3 namba 95, kilichoko Grenoble, kilizimika 5:12 kwa saa ya ulimwengu (saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, Nairobi), dakika 8 kabla ya muda kwisha, hakuna amri ya kukizima iliyotolewa na mwanafunzi wala na msimamizi, jumbe 40 zilikuwa zimekwisha kupokelewa na wakala, na 3 zilizotumwa kabla ya hapo, zikingojwa kwa sekunde 30, hazikufika.